Fundi, Chama na Soko: Historia ya Wachongaji wa Kikamba kutoka Wamunyu hadi Changamwe

Utangulizi

Katika uwanja wa sanaa za Afrika ya Mashariki, mchongaji wa Kikamba amepatwa na jambo la ajabu: kazi yake inajulikana na kila mtu, na inathaminiwa na wachache. Twiga wake wa mti, simba wake, na Mmaasai wake aliyeshika mkuki vimeenea katika maduka na nyumba za mabara yote. Walakini katika maandishi ya wataalamu aghalabu hutajwa kwa mkato, kama mfano wa sanaa iliyoharibiwa na fedha za watalii. Mmakonde hupewa sura nzima. Mkamba hupewa tanbihi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza upya hukumu hiyo kwa njia ya historia. Yatafuata safari ya uchongaji kutoka Wamunyu, katika nchi ya Machakos, hadi chama cha ushirika kilichoanzishwa Changamwe, Mombasa, mwaka 1963. Maswali yanayoulizwa ni mawili. Kwanza, ni mambo gani yaliyowasukuma watu hawa kuchonga? Pili, chama chao kilikuwa na kazi gani katika uchongaji wenyewe, mbali na kazi ya kuuza? Hoja itakayotetewa ni kwamba chama hakikuwa duka tu. Kilikuwa ndiyo hadhira ya kweli ya fundi, na bila ya kukielewa hivyo sanaa ya Mkamba haieleweki.

Maneno matatu

Inafaa kuanza na maneno, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi huu imetokana na kupima kazi ya fundi kwa mizani isiyokuwa yake. Neno sanaa lilitoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kazi ya mikono na ustadi wa kutengeneza kitu. Halikutenga uzuri na manufaa, wala halikumdai msanii aishi bila ya malipo. Aliyenakshi mlango wa Lamu au wa Unguja alilipwa, alifuata ruwaza alizorithi, na hapana aliyemwambia kwamba kwa sababu hiyo kazi yake si sanaa. Dhana ya kwamba msanii wa kweli hubuni peke yake, kwa ajili ya nafsi yake, ilikuja baadaye, na ilikuja na vitabu vya shule.

Neno fundi nalo lina funzo lake. Linahusishwa na mzizi ule ule unaopatikana katika funda, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, fundi ni mtu aliyefundwa na ambaye aweza kufunda. Ufundi haukamiliki katika mtu mmoja. Unahitaji aliyetangulia na atakayefuata.

La tatu ni kinyago. Neno hili ni ndugu wa unyago, na maana yake ya kale ni kifaa cha kufundishia au kutishia katika jando na unyago. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Leo neno hilo limeteremka sokoni, na hutumiwa kwa sanamu yoyote ya mti inayouzwa. Katika kuteremka huko mna historia nzima ya mabadiliko ambayo makala haya yanajaribu kuyaeleza.

Chimbuko la Wamunyu

Si kweli kwamba Wakamba hawakujua kuchonga kabla ya kuja kwa wageni. Walichonga viti vya miguu mitatu ambavyo nyuso zake zilipambwa kwa nyuzi za shaba zilizozungushwa kwa ustadi mkubwa. Walichonga vijiko, mipini na pinde. Walitia nakshi katika vibuyu. Na wahunzi wao walifua mikufu myembamba iliyosifika mbali. Tena walikuwa wafanya biashara wa masafa marefu. Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, alipokewa na Kivoi wa Mwendwa, mkuu wa misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda hadi Mombasa. Basi kutengeneza kitu kizuri, na kukichukua kwenda kukiuza kwa watu wa mbali, yalikuwa mambo mawili ambayo Mkamba aliyajua kabla ya ukoloni.

Ambacho hakikuwa na mizizi mirefu ni sanamu za watu na wanyama zilizochongwa ili ziuzwe. Masimulizi yanayokubaliwa zaidi yanamtaja Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, maelfu ya Wakamba walichukuliwa kwenda Tanganyika kuwa askari na wapagazi. Jeshi la wapagazi lilitia jina lake katika Kiswahili, nalo limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mutisya alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Huko, yasemekana, aliwaona mafundi wa Kizaramo wakichonga, akajifunza, na vita vilipokwisha akarudi kwao na ujuzi mpya mikononi.

Tukio hili lastahili kutazamwa kwa makini. Wazaramo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali alikuwa nayo alipokuwa ndani, ikimfunda juu ya uzazi na utu uzima. Mutisya hakuirudisha mwana hiti Ukambani, kwani haikuwa na kazi huko. Alichokirudisha ni mkono: namna ya kuutazama mti, kuona umbo ndani yake, na kulitoa kwa tezo. Kwa hivyo kinyago cha Mkamba hakikupita unyagoni kabisa. Kilizaliwa kikiwa huru na mila, na uhuru huo ndio ambao baadaye uligeuzwa kuwa aibu yake.

Inasimuliwa kwamba mwanzoni ujuzi huo ulikaa katika jamaa ya Mutisya. Kisha ulipita kwa majirani, na kutoka kwa majirani hadi kijiji kizima, mpaka jina la Wamunyu na neno uchongaji yakawa karibu kitu kimoja. Njia iliyotumika ni ile ile iliyomo katika neno fundi: kijana alikaa karibu na mkubwa wake, akaanza kwa kusugua, akaendelea kwa kuchonga vijiko, kisha akaruhusiwa kumtia twiga shingo.

Dhiki na hiari

Kwa nini uchongaji ulienea Wamunyu kwa kasi hiyo? Jibu la kwanza ni dhiki. Nchi ya Machakos ina mvua za kubahatisha, na ardhi yake ilibanwa na mipaka ya hifadhi zilizowekwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, na ng'ombe waliotwaliwa wakauzwa kwa bei ya chini, wengi wakielekea kiwanda cha nyama cha Athi River. Maelfu ya watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Serikali ililegeza amri yake, lakini Muindi Mbingu alihamishwa, akazuiliwa Lamu. Katika nchi ambayo ng'ombe wa mtu aweza kutwaliwa kwa amri, ufundi ulikuwa mali isiyotwalika.

Hata hivyo dhiki peke yake haitoshi kuwa jibu. Wilaya nyingi zilipata njaa, na watu wake wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla, katika reli, au katika polisi na jeshi. Wakamba nao walikwenda, tena kwa wingi. Mtu aliyechagua tezo badala ya kipande cha kazi hakuchagua fedha tu, bali pia namna ya kuishi. Alichonga chini ya mti wa kwao, kwa saa alizozipanga mwenyewe, bila ya mnyapara. Alipotaka kulima alilima, na mvua ilipokataa alirudi kwenye gogo lake. Alipochoka alipumzika bila ya kuomba ruhusa. Katika zama za kipande na kodi ya kichwa, hiari ya namna hii ilikuwa kitu cha thamani kubwa, na haifai kuhesabiwa kuwa jambo dogo katika kueleza kilichomsukuma msanii.

Kuna la tatu, ambalo ni gumu kuthibitishwa kwa hati lakini huonekana katika kazi zenyewe. Fundi aliyekwisha kupata mkono hupenda kushinda mti. Gogo lenye pindo huleta swali, na jibu la fundi mmoja si jibu la mwingine. Tawi lililopinda humfanya mmoja aone swala aliyegeuza shingo, na mwingine aone korongo. Mnunuzi hakuagiza pindo hilo wala hakulijua. Furaha ya kulitumia vizuri ilikuwa ya fundi na ya wale waliokaa naye.

Vita Kuu ya Pili vililipanua soko. Askari wa kigeni waliopita Kenya walinunua vinyago, na baada ya vita wafanya biashara wa Kikamba walisafiri na mizigo yao katika miji ya Afrika ya Mashariki na kupita. Mwaka 1958 Walter Elkan, mtaalamu wa uchumi, aliichunguza biashara hiyo na kuandika juu yake katika jarida la Africa. Yafaa kuangaliwa kwamba uchunguzi muhimu wa mwanzo juu ya wachongaji hawa ulifanywa na mwanauchumi. Wahakiki wa sanaa walikuwa hawajawaona.

Chama cha Changamwe

Kukua kwa biashara kulileta mgawanyiko. Mchongaji alikaa kijijini. Aliyejua barabara, hoteli na Kiingereza alinunua kwake kwa bei ndogo, akauza kwa bei kubwa. Wengine walihama kufuata soko, wakakaa Nairobi, Nanyuki, Malindi na Mombasa, wakichonga vichochoroni na kuuza kwa yeyote aliyewafikia. Aliye peke yake hana sauti mbele ya mwenye fedha. Ushirika ulikuwa jibu la tatizo hilo.

Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilianzishwa Mombasa mwaka 1963, mwaka wa uhuru, na makao yake yakawa Changamwe, si mbali na njia ya uwanja wa ndege. Walioanza walikuwa kiasi cha watu 100; katika miongo iliyofuata wanachama walifikia maelfu. Wamunyu nako pakawa na ushirika wake. Taratibu za Changamwe zilikuwa wazi. Wachongaji walikaa pamoja chini ya mabanda. Kila mwanachama alikuwa na nambari yake. Kazi yake ilitiwa nambari hiyo na kuwekwa katika chumba kimoja cha mauzo. Iliponunuliwa, fedha ziliandikwa kwa nambari, chama kikakata sehemu yake, na mwenye kazi akapata haki yake. Mali bila daftari, husema Waswahili, hupotea bila habari. Nambari ilikuwa daftari la mchongaji.

Ndani ya mabanda kazi iligawanywa. Gogo lilikatwa kwa shoka na panga, likachongwa kwa tezo, likaingia kisu na tupa, kisha msasa. Neno hili la mwisho lina historia yake: msasa kwanza ni mti, ambao majani yake yaliyokwaruza yalitumiwa na mafundi kulainishia mbao, na karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina la jani. Wanaume ndio waliochonga. Wanawake wengi walishika kazi ya kusugua na kupiga rangi, kazi ambayo bila yake kinyago hakiuziki, na ambayo hutajwa kwa nadra mno.

Shtaka la kurudiarudia

Shtaka kubwa dhidi ya wachongaji hawa ni kwamba hurudia umbo moja mara elfu, na kwamba umbo hilo limechaguliwa na mgeni. Sehemu mbili za shtaka hili zafaa kutenganishwa.

Kuhusu kurudia, msomaji wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kushtuka. Bahari ya utendi ina mizani nane katika kila kipande na kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, kwa agizo la mtawala wa Pate, hakubuni bahari mpya, wala hakuchagua peke yake jambo la kutunga. Sanaa yake imo katika alivyolitumia umbo lililokuwapo. Mtu akikubali hilo kwa malenga, hana budi kulikubali kwa mchongaji. Twiga ni arudhi. Lililo la fundi ni jinsi shingo inavyosimama.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi, na haifai kukwepwa. Mtawala wa Pate alikijua Kiswahili. Kama kina kingevunjika, angesikia, na wasikilizaji wangesikia, na mtunzi angeaibika. Mtalii aliyeshuka Mombasa kwa siku kumi hajui tofauti ya mkono mzuri na mkono mbaya. Atanunua chochote kilicho chepesi kuchukua. Sanaa ambayo mnunuzi wake hawezi kuikosoa ina hatari ya kufa huku inanunuliwa. Hili ndilo lililowafanya wengi wakate tamaa nayo, na hofu yao si ya upuuzi.

Lakini wamesahau kuuliza ni nani aliyekaa karibu na fundi alipokuwa akichonga. Katika banda la Changamwe hakukaa mtalii. Walikaa mafundi, makumi kwa makumi, kila mmoja akiyaona yaliyo mkononi mwa jirani yake tangu gogo hadi msasa. Hapo miguu isiyolingana haikufichika, wala jicho lililotiwa mahali pasipo pake. Aliyejua alisifiwa, mvivu alichekwa, na kijana alisahihishwa kabla ya kuharibu mti. Mnunuzi alilipa, ila fundi alipimwa na wenzake. Ikiwa hivyo ndivyo, chama kilifanya kazi ambayo kwa mtunzi wa utendi ilifanywa na barza na baraza: kiliiweka sanaa mbele ya watu wanaoijua lugha yake. Mkamba aliyechonga peke yake kando ya barabara alikuwa na wanunuzi lakini hakuwa na hadhira.

Jina na nambari

Nambari, hata hivyo, ilikuwa na upungufu wake. Ilimhakikishia fundi malipo, lakini haikumpa jina. Katika hili Wakamba wanatofautiana na wasanii wengine wa eneo hili. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 katika nchi ya Tunduru na kufa Dar es Salaam 1972, alipaka rangi kwa miaka michache tu. Jina lake likawa jina la mtindo na la chama kizima cha wanafunzi wake. Wamakonde wa Dar es Salaam nao, mitindo yao ilipewa majina ya Kiswahili, shetani, ujamaa, mawingu, na kwa majina hayo wahakiki walipata pa kuanzia. Wakamba walikuwa na nambari. Mutisya mwenyewe anajulikana kwa jina bila ya kazi. Waliomfuata wana kazi bila ya majina.

Haifai kudhani kwamba hali hiyo iliwaridhisha wote, wala kwamba wote waliihuzunikia. Jina la mmoja laweza kuwa mali ya wengi, na laweza kuwa chanzo cha ugomvi. Nambari ilizuia ugomvi huo kwa kuwafanya wote kuwa sawa mbele ya karani. Lakini historia haiwezi kuandikwa kwa nambari ambazo hapana aliyezifasiri.

Tatizo la miti

Miongo ya mwisho ya karne ya ishirini ilileta hatari nyingine. Vinyago vilichongwa hasa kwa muhugu na mpingo, miti migumu inayokua polepole mno. Misitu ya muhugu, ukiwemo ule wa Arabuko-Sokoke, ilipungua kwa mahitaji ya wachongaji na ya wengine. Katika miaka ya 1990 mradi wa Watu na Mimea, uliounganisha WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya Uingereza, uliwahimiza wachongaji watumie miti inayopandwa na kukua upesi: mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mwaka 2005 vinyago vya mwarobaini vya pwani ya Kenya vilipata cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu, lijulikanalo kwa herufi FSC.

Kwa mtazamaji wa nje hayo ni mabadiliko ya malighafi. Kwa fundi ni mabadiliko ya sarufi. Muhugu una nyuzi zake, uzito wake na harufu yake. Mkono uliofundwa juu yake hauhamii mwarobaini kwa siku moja. Mti mpya hudai ukaushwe kwa namna nyingine na utiwe rangi kwa namna nyingine. Uwezo wa wachongaji kuhamia mti mwingine bila ya kuacha ufundi wao ni ushahidi mzito kuliko wowote kwamba walichokuwa nacho ni ujuzi wenye uhai, wala si mazoea ya mikono.

Soko nalo liliyumba mara kwa mara: machafuko ya Likoni ya 1997, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na maradhi ya korona mwaka 2020, yote yaliwafukuza wageni. Kila mara banda lilipopungukiwa na watu, kilichopungua hakikuwa mapato pekee.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba yaliyowasukuma wachongaji wa Kikamba yalikuwa matatu yaliyofungamana: riziki katika nchi kavu, hiari katika zama za kulazimishwa, na furaha ya ustadi iliyoshuhudiwa na wajuzi wenzao. Aliyelitaja la kwanza peke yake amesema kweli nusu. Chama cha ushirika kiliyashika yote matatu pamoja, na kwa hiyo hakifai kuhesabiwa kuwa ni sura ya historia ya biashara tu.

Limebaki jambo moja linalowahusu wanazuoni wa lugha hasa. Ukosoaji uliofanywa mabandani ulifanywa kwa maneno, kwa Kikamba na kwa Kiswahili: maneno ya kusifu mkono, ya kukejeli umbo, ya kutaja nyuzi za mti, pindo, ufa na hatua za kazi. Msamiati huo ndio uhakiki wa sanaa hii, na haujakusanywa ipasavyo katika kamusi zetu. Wataalamu wamekwenda Changamwe kuhesabu vinyago, wanachama na miti. Wanaojua lugha wanafaa nao waende, wakae chini ya banda, wasikilize, na waandike, angali wapo wazee waliofundwa na waliofundwa na Mutisya.